Msichana Wetu wa Sengerema

Kamanga,
10 Novemba 2024

Fadhila wangu,

Salamu zako zilikuja kwa simu na nimezijibu kwa simu, kwa hiyo hapa tuache ya "mzima wewe, mzima mimi" tuseme ya maana. Tangu tuko sekondari ya bweni, simu zimekatazwa, tukipitishiana vikaratasi kutoka kitanda hadi kitanda, mimi neno zito haliwezi kunitoka kwa kidole gumba. Pius, yule anayepakia mizigo kwenye kivuko, amekubali kukuletea barua hii mpaka mlangoni. Mpe maji ya kunywa, lakini usimwulize habari za kuoa, maana hataondoka.

La moyoni ni hili: nina wivu na wewe. Ile picha uliyonitumia, umevaa koti jeupe mbele ya dirisha la dawa, niliitazama nikasema "hongera" kwa sauti, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Mama akaniuliza hiyo sufuria imenikosea nini.

Umeandika, "Na wewe njoo ujitolee, Bwana Venant anapokea wote." Anapokea wote! Fadhila, kujitolea ni kwa mtu aliyekula. Wewe unaamka Mirongo, unakunywa chai na vitumbua vya mama yako, unakwenda hospitali kwa miguu, jioni unarudi kwenye wali. Mtu akikuuliza mshahara uko wapi unacheka, kwa kuwa huna haja nao. Mimi nikivuka ziwa nitalala wapi? Nani atanipa chai? Chuo tumemaliza wote siku moja, tumevaa majoho ya kukodi ya rangi moja, lakini wewe ulikuwa unarudi nyumbani mjini na mimi nilikuwa ninarudi huku.

Niko kwenye duka la dawa la Mzee Machibya. Dawa za watu na dawa za mifugo ziko kaunta moja, na mzee ananiita "daktari" mbele ya wateja ili wasibishane na bei. Ananilipa, siwezi kumsema vibaya, na ada ya wadogo zangu inatoka humo. Ila hapa hakuna wa kunifundisha kitu. Kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa hospitali, na uzoefu wa kwa Machibya hauna pa kuandikwa.

Matokeo yalipobandikwa jina langu lilikuwa juu ya yote, na wewe ulikuwa wa sita. Sikusimangi. Nasema tu kwamba wa kwanza anauza dawa za kupe na wa sita amevaa koti, na usiku jambo hilo linanigeuza upande huu na upande ule.

Basi nimelitoa. Usiponijibu nitajua umenuna.

Ng'washi


Mirongo,
17 Novemba 2024

Kwa Ng'washi, bingwa wa kununa,

Pius amekunywa maji, amekunywa chai, na habari za kuoa amezianza mwenyewe. Mama alipoona anataka kuvua viatu alimkumbusha kivuko.

Wivu wako nimeupokea, sasa na wewe pokea wangu. Hospitali nzima hakuna anayeniita Fadhila. Mimi ni "mtoto wa Bi Mwanaharusi", kwa sababu mama ndiye aliyewashonea sare nusu ya wauguzi. Nilipofika siku ya kwanza hawakuniuliza cheti, waliniuliza mama yako hajambo. Nilipewa koti na kiti, na sijui kama nilivipata mimi au alivipata mama. Wewe mwalimu alikuwa akikwama darasani anasema, "Ngoja tumsikie Ng'washi." Ningetoa vitumbua vyote vya Mirongo niambiwe hivyo mara moja tu. Wiki iliyopita nilikosea dozi ya mtoto, ikaonekana kabla haijatoka dirishani. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba wewe usingekosea, nikakukasirikia huko huko uliko na hujafanya lolote.

Kuhusu pa kulala, usihangaike. Njoo ukae kwetu. Nimezungumza na mama, amekubali bila shida. Wilhelmina, msichana wetu wa kazi, anakwenda kwao kwa Krismasi, kwa hiyo kile chumba cha uani kitakuwa wazi. Kina kitanda na dirisha, na mlango unafungwa vizuri.

Njoo mapema mwakani. Bwana Venant, ndiye msimamizi wetu wa famasi, amesema itapatikana nafasi moja ya mkataba, naye atapeleka jina la mmoja wa sisi tunaojitolea. Jina analopeleka yeye ndilo linalopita. Nakuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, ili usije ukasema nilikuficha.

Usije na zawadi. Najua utakuja nazo.

Fadhila


Kamanga,
4 Januari 2025

Fadhila,

Ninakuja Jumanne. Mzee Machibya amekasirika, anasema vijana wa siku hizi wanaacha ugali mkononi wanakimbilia harufu ya pilau. Huenda ni kweli.

Ada ya wadogo ataibeba kaka Masalu, kwa mwaka huu tu. Alikuwa ametenga ng'ombe wa mahari, sasa anawauza na harusi imesogezwa. Mchumba wake amelia, wifi mtarajiwa huyo, na mimi nimeshindwa kumtazama usoni. Kwa hiyo ujue, mimi sina mwaka wa pili. Nikikosa ile nafasi ninarudi kaunta ya dawa za kupe, na Masalu atakuwa amekosa mke kwa ajili ya hewa.

Mama ananiusia kila nikipita jikoni: usikae kwa watu mikono mapajani, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimemwambia Mirongo hakuna jembe. Amesema basi kuna fagio.

Ninaleta mchele na kuku wawili. Mwambie mama yako shikamoo, miaka yote hii hatujawahi kuonana.

Ng'washi


Kamanga,
12 Aprili 2025

Fadhila,

Nimefika salama, na nashukuru kwa chakula chenu cha miezi mitatu. Hayo ni ya adabu. Yanayofuata ni yangu.

Umeniuliza kwa meseji mara nyingi kwa nini nimeondoka bila kuaga, na ulipopiga sikupokea kwa sababu ningelia. Ngoja nikuandikie polepole.

Nilipofika kwenu nilishika fagio siku ya tatu, kama nilivyolelewa. Mama yako aliniita "mwanangu", nikafurahi. Wilhelmina hakurudi, nikadhani amechelewa tu kwao. Nikawa ninaamka kabla yenu, nikapika chai, tukaenda hospitali wote, ambako nilipokelewa kwa neno lako bila kuulizwa cheti. Mchana nilirudi mbio kuwahi sokoni na jikoni. Wewe ulibaki. Bwana Venant alikufundisha kuagiza dawa na kupanga stoo, kwa sababu mchana ndipo alipokuwa na nafasi ya kufundisha, na mchana mimi nilikuwa na mboga motoni. Sikulalamika hata siku moja. Niliona ndio upande wangu wa kushukuru.

Halafu ikaja ile futari aliyoalikwa Bwana Venant. Mimi ndiye niliyepika, nikaingia na sinia, kanga kiunoni, jasho usoni. Akanitazama akasema, "Huyu si ninamwona famasi?" Mama yako akajibu kwa furaha kabisa, "Ndiye. Msichana wetu wa Sengerema. Akimaliza kazi zake za hapa tunamruhusu aende na Fadhila, naye ajifunze-jifunze."

Nilikutazama. Ulikuwa umeshika tende. Neno moja lingetosha, "tumesoma naye", basi. Wewe ulisema, "Bwana Venant, ongeza uji."

Baada ya Idd aliniita ofisini. Alinipa kiti. Alisema kwa upole, kama mtu anayetenda haki: "Binti, nafasi ni moja. Fadhila hana kazi. Wewe tayari unayo, na wale watu wanakupenda. Nimepeleka jina la Fadhila." Nilitaka kusema, Fadhila. Naapa nilitaka. Ila kilichotoka ni "asante". Nilimshukuru! Nikaenda uani, nikakunja nguo zangu, nikashuka kivukoni.

Ule wivu wa mwaka jana ulikuwa mchezo wa watoto. Huu wa sasa unanichoma. Ninaona wivu na koti lako, na kiti chako, na hata sauti ya mama yako anapokuita kwa jina. Mimi kwenu sikuwa na jina, nilikuwa na wilaya.

Masalu hajaniuliza kitu. Anapita, ananisalimia, anakwenda zake machungani kwa ng'ombe waliobaki.

Ng'washi


Mirongo,
20 Aprili 2025

Ng'washi,

Nani alikupa fagio?

Niambie. Kwetu mgeni hafagii. Mgeni anakaa, anapewa mto wa kuegemea, akitaka kuosha kikombe chake ananyang'anywa. Nilikuambia wiki ile ile ya kwanza, "Acha, kaa." Ukanijibu kwenu mgeni anayengojea chai anaitwa mvivu mpaka kaburini. Mama alishangaa, halafu akazoea, halafu akasahau. Binadamu ndivyo tulivyo. Sasa umerudi kwenu unatuhesabia kila sufuria uliyoosha kana kwamba tulikushikia fimbo.

Unaniambia nilikunyamazia. Ulitaka nimkosoe mama yangu mbele ya mgeni, kwenye mkeka wa futari? Wewe ungemkosoa wako? Na Bwana Venant sikumtuma akuite, wala sikumwambia apeleke jina langu. Amefikiri mwenyewe na kichwa chake.

Wewe unajua kuona wivu wako tu, wa wengine huuoni. Unajua nimeishi vipi miezi mitatu ile? Nikiamka: "Mwone Ng'washi alivyowahi." Nikila: "Chapati za Ng'washi zinachambuka, za kwako ni ngozi ya ngoma." Nikifika kazini, wagonjwa wanaona dirisha langu halina mtu na bado wanapanga foleni kwa dirisha lako, "Tunamngoja yule dada mrefu." Nyumbani wewe, kazini wewe. Kwangu mimi mwenyewe nikawa mgeni, na sikuwa na pa kushika fagio.

Basi mkataba nimeupata, kama ulivyosikia. Usidhani ni utajiri. Unakwisha Desemba, halafu nafasi itakuwa ya kudumu na itashindaniwa kwa usaili. Wataitwa wale tu ambao Bwana Venant amewaandika.

Mama anakuulizia kila siku. Chumba kiko vile vile ulivyokiacha. Rudi tuongee.

Fadhila


Mirongo,
2 Mei 2025

Kwa mwanangu Ng'washi,

Natumaini umewakuta wazazi wako wako salama, na uwafikishie salamu zangu nyingi. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, Fadhila hajui, yuko kazini.

Mwanangu, uliondoka bila kuniaga, nikasema labda kumetokea msiba. Siku zimepita, nimeona niulize. Nyumba imepwaya. Nimemchukua msichana mwingine hapa jirani, wali anauunguza na sufuria anazificha. Fadhila sasa ni mtu wa ofisi, anarudi miguu imevimba, siwezi kumtuma hata maji. Juzi nilikaa uani peke yangu nikakukumbuka ukiimba Kisukuma huku unachambua mchele, sielewi neno hata moja lakini nilikuwa napenda.

Kama ni mambo ya malipo, kosa ni letu. Fadhila aliponiletea habari zako mwaka jana, alisema kuna msichana wa Sengerema anatafuta pa kujishikiza, anajua kazi zote za ndani, na hataki mshahara ila aruhusiwe kwenda hospitali asubuhi. Ndiyo maana nilimwambia Wilhelmina asihangaike kurudi. Lakini nimekaa nikafikiri, mtu hafanyi kazi bure, Mungu hapendi. Sasa Fadhila anapata chochote, kwa hiyo tutakulipa kama tulivyokuwa tukimlipa Wilhelmina, na zaidi kidogo, kwa kuwa wewe una akili. Ijumaa utapumzika. Na nguo ya Idd nitakushonea mwenyewe, kitambaa utachagua.

Bwana Venant bado anazisifu zile sambusa. Anasema tulipata wapi msichana kama yule.

Nakungoja mwanangu. Huyo kijana wa kivukoni akuletee na jibu.

Mama yako,
Mwanaharusi


Kamanga,
10 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili, na wazazi wangu wanakusalimu. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Nilikukosea adabu, na hilo nalijutia.

Mama, mimi na Fadhila tumesoma darasa moja, tangu kidato cha kwanza mpaka tukapata stashahada ya ufamasia siku moja. Nilikuja kwako nikiwa mgeni wake. Nilifagia kwa sababu mama yangu amenilea hivyo, na nilidhani unanichukulia kama mtoto anayesaidia. Sikujua kwamba Wilhelmina amekosa kazi kwa sababu yangu. Hukufanya kosa, ulifuata ulichoambiwa.

Kazi hiyo siwezi kuipokea. Nakuomba umwite Wilhelmina arudi, ni yake.

Nguo ya Idd nashukuru kama vile nimeivaa.

Mwanao,
Ng'washi


Kamanga,
10 Mei 2025

Fadhila,

Mama yako ameniandikia. Ukimwuliza atakuonyesha na jibu langu.

"Hataki mshahara ila aruhusiwe kwenda hospitali." Hayo ni maneno yako. Uliniuza kabla sijavuka ziwa, halafu ukaniandikia kwamba mama amekubali bila shida! Kwa nini asikubali? Nani anakataa mtumishi wa bure mwenye stashahada?

Ninajua utakachosema, kwamba bila hivyo asingenipokea. Huenda ni kweli. Basi ungeniambia mimi, Fadhila. Ningekuja hivyo hivyo! Shida niliyokuwa nayo ingenileta hata kwa kuosha vyoo. Ningekuja nikijua mimi ni nani ndani ya nyumba ile, ningemwambia mama yako masaa yangu, na siku ya kwanza tu hospitali ningemwambia Bwana Venant kwa kinywa changu kwamba ninafanya kazi za ndani ili nipate pa kulala. Hiyo si aibu. Aibu ni kutembea miezi mitatu nimevaa kitu ambacho kila mtu anakiona isipokuwa mimi.

Na nani alikupa fagio, unaniuliza. Mama alinipa. Wewe ulinipa chumba cha Wilhelmina.

Sitaki mkataba wako. Kaa nao mpaka Desemba, kula mshahara wako kwa amani. Ninakuomba jambo moja tu, na baada ya hapo sitakuomba tena hata chumvi. Nenda kwa Bwana Venant. Mwambie mimi ni nani, mwambie jinsi nilivyofika kwenu, ili jina langu liandikwe na la kwako kwenye usaili. Aliyasikia kwenu, ayasikie tena kutoka kwenu. Masalu amenipa mwaka mmoja na mwaka wenyewe umeshaingia kati.

Ninasubiri.

Ng'washi


Mirongo,
13 Juni 2025

Ng'washi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumbani hakukaliki. Mama haniongeleshi tangu asome barua yako. Alikwenda mwenyewe kumtafuta Wilhelmina, akamleta, na sasa anakula naye jikoni wanacheka, mimi ninakula peke yangu sebuleni.

Ndiyo, nilimwambia vile. Nilipomwomba akupokee alisema hatuwezi kulisha mgeni mwaka mzima, nikatafuta njia, na hiyo ndiyo iliyokuja mdomoni. Mwanzoni niliapa nitamweleza ukweli ukishafika. Halafu ukafika, na kila siku ukawa bora kuliko mimi, na nikaona hakuna haraka.

Nikuambie na lile baya zaidi, maana halinipi usingizi. Mama aliposema "msichana wetu wa Sengerema" mbele ya Bwana Venant, nilisikia raha. Si aibu, Ng'washi, raha. Tangu kidato cha kwanza nimekuwa chini yako kila mahali, na kwa mara ya kwanza tulikuwa kwenye chumba ambacho mimi ndiye niliyekuwa juu. Nilitaka idumu kidogo.

Ila ulichoniomba nimekifanya. Jana nimekwenda ofisini kwa Bwana Venant, nimemweleza yote mwanzo mpaka mwisho. Amesikitika sana. Anasema wakati ukifika atakukumbuka. Kwa sasa usihangaike kuja huku, yeye ana mambo mengi, ukimfuata utaharibu. Wewe tulia Kamanga, mimi nitakuita.

Nisamehe kama unaweza.

Fadhila


Buswelu,
18 Juni 2025

Fadhila,

Pius alinikuta kivukoni nikiwa nimeshika begi, nimechoka kungoja jibu lako, akanipa barua yako hapo hapo. Niliisoma tukiwa majini. Nilipofika kwenye ile raha yako nilisimama kusoma nikatazama maji. Nikafika na pale uliposema umemweleza Bwana Venant, nikaanza kulia, watu wakadhani nimefiwa. Nilikuwa nimekusamehe kabla hatujatia nanga.

Hiyo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikwenda moja kwa moja hospitali kumshukuru.

Bwana Venant aliinua macho, akanitambua, akatabasamu. "Bi Mwanaharusi amekutuma?" Halafu akaniuliza kama nimemletea sambusa.

Nilimngoja aseme kitu kingine. Labda anatania, labda anakumbuka polepole. Aliendelea kutabasamu, akingoja ujumbe kutoka Mirongo. Ndipo nikajua kwamba hukufika pale, Fadhila. Si Alhamisi ile uliyoiita "jana", si siku yoyote. Uliandika umekwenda ili nitulie Kamanga mpaka Desemba ipite.

Basi nilivuta kiti nikakaa bila kuambiwa. Mama angenipiga. Nikamwambia jina langu lote na la baba, na chuo, na kwamba mimi na wewe tumehitimu siku moja, na matokeo yangu, na kwamba nilikuwa ninatoka famasi mchana kwenda kupika ili nipate pa kulala. Sikukusengenya. Sikuwa na haja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona siku ile hukusema?" akaniuliza.

Nikamjibu, "Nilikuwa nimeshika sinia."

Hakucheka. Alisema mkataba umeshasainiwa, hawezi kuutengua, nikamwambia sikuja kwa ajili ya huo. Akasema bado anataka watu wa kujitolea, asubuhi na mchana, na kama nitafanya vizuri ataniandika kwa usaili. Nikasema nitaanza Jumatatu ijayo. Nilipokuwa ninatoka nilisikia sauti yako stoo, unacheka na mtu. Sikukuita.

Sasa niko Buswelu. Nimepata duka la dawa linalotaka mtu wa jioni, na mwenye duka ananipa chumba cha nyuma. Nimemwambia tangu mwanzo masaa yangu ni yapi na kazi yangu ni ipi, na kufagia si mojawapo. Amenitazama kwa mshangao, akakubali. Nitachoka, najua. Kazi ya jioni na kujitolea kutwa si maneno ya kanga. Wewe utakuja umelala ukashiba na mimi nitakuja nimekesha, na Bwana Venant atatupima sawa sawa kana kwamba tumetoka kitanda kimoja. Hilo nalo nalionea wivu, na sitaacha kuliona.

Katika barua yako nimeamini sehemu moja, ile ya raha. Sikukasirika. Naijua raha hiyo vizuri. Miaka yote ya shule uliponijia na daftari kuniuliza swali, niliisikia mimi, na sikuwahi kukuambia.

Mama yako mpe shikamoo yangu. Usiniandikie tena, tutakuwa tunaonana kila siku, dirisha kwa dirisha, na nitakusalimu mbele za watu kama inavyotakiwa.

Desemba nafasi ni moja. Sikuombei uugue wala ukose. Soma, Fadhila. Soma sana. Nataka nikushinde ukiwa umejiandaa.

Ng'washi